Shahada Isiyomtoa Mwalimu Darasa la Kwanza

Nchini Burundi, mwalimu wa shule ya msingi akishapata shahada ya chuo kikuu, kinachofuata ni barua ya kuomba kuondoka shule ya msingi. Ataomba lise, yaani sekondari, ataomba ofisi ya tarafa, ataomba kazi katika shirika lolote lenye gari na jenereta. Na sisi tutampongeza. Tutanunua vinywaji, tutasema fulani amepanda. Hakuna atakayeuliza ni watoto wangapi walioachwa kwenye lile darasa la kwanza, wala chaki yake imekabidhiwa nani.

Mimi nauliza, tena kwa hasira, maana jibu linajulikana na kila mzazi wa kwetu Giteranyi, Muyinga. Chaki imekabidhiwa yule aliyesoma kidogo kuliko wenzake, aliyeanza kazi juzi. Au haikukabidhiwa mtu: watoto wameunganishwa na wa chumba cha pili, wamebanana wanne kwenye benchi la watu wawili, mwalimu mmoja anapaza sauti hadi inakauka. Mtoto wa miaka saba ndiye anayehitaji mwalimu hodari kuliko mwanafunzi mwingine yeyote katika nchi hii, na ndiye anayepewa masalia. Huo ni wizi. Aliyepata shahada akaondoka simwiti mwizi; amefuata njia pekee tuliyomfungulia. Ninayemtuhumu ni aliyeipanga njia hiyo, akaamua kwamba elimu ya juu ni mlango wa kutokea shule ya msingi.

Ninachokidai nakitaja mapema ili tusipotezeane muda. Nadai shahada kamili ya ualimu wa shule ya msingi, inayosomewa Muyinga, inayolipwa kama shahada nyingine zinavyolipwa, na inayomwacha mwenye nayo palepale darasa la kwanza hadi siku ya kustaafu, akiwa mtu mwenye heshima na mshahara wake.

Tuiangalie Giteranyi yenyewe, kwa sababu wanaopanga mambo ya elimu huko Bujumbura na Gitega huongea kana kwamba shule zote ni moja. Giteranyi iko kwenye kona ya kaskazini-mashariki, kwenye mpaka wa Tanzania, na Rwanda haiko mbali. Miaka yote tumeijua kama tarafa ya mkoa wa Muyinga. Baada ya mgawanyo mpya wa mwaka 2025 uliobakiza mikoa mitano, Muyinga yote imo ndani ya Buhumuza, makao yake Cankuzo. Mtoto wa hapa anaamka kwa Kirundi. Sokoni anakisikia Kiswahili, kwa sababu biashara na Ngara ya Tanzania haijawahi kusubiri ruhusa ya mtaala, na kwa sababu Waislamu wa Muyinga wamekizungumza Kiswahili tangu enzi za babu zao. Darasani kwake huenda amekaa na mwenzake aliyezaliwa au kukulia Nduta, Mtendeli au Nyarugusu, kambi za Tanzania ambako Warundi walianza kurejeshwa kwa hiari Septemba 2017. Mtoto huyo anajua mambo ambayo kitabu cha kiada hakiyatambui, na hajui mengine ambayo kitabu kinadhani kila mtu anayajua. Si mbali na hapo, Gasorwe, kuna kambi ya wakimbizi wa Kongo ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya kila siku.

Halafu kuna wale wanaoondoka. Msimu wa kulima ukifika upande wa Tanzania, wavulana wanavuka kwenda kupagasa, kulima mashamba ya watu kwa ujira. Wengine wanavutwa na machimbo ya dhahabu ya Butihinda. Mwalimu wa darasa la tano anahesabu madawati na kuona mapengo. Akishindwa kumfanya mtoto aone kwamba kusoma kunampa kitu leo, na si ahadi ya miaka 10 ijayo, mtoto atafuata jembe na karai, na hakuna askari wa mpakani atakayemrudisha.

Nionyesheni kazi ngumu kuliko hiyo. Nionyesheni profesa wa chuo kikuu anayetakiwa kushughulikia lugha nne, umaskini, utoro, njaa ya saa nne asubuhi na darasa ambalo watoto 80 si jambo la kushangaza, kisha arudie yote mchana kwa kundi jingine, kwa sababu tangu miaka ya 1980 shule zetu nyingi zinaendeshwa kwa zamu mbili.

Na mtu tunayempeleka kwenye kazi hiyo tumemwandaa vipi? Walimu wetu wa miaka mingi wana D6 au D7, vyeti vya shule za walimu za ngazi ya sekondari. Wa siku hizi wanatoka ekole normale, shule za ualimu. Wanaingia wakiwa vijana wadogo baada ya shule ya msingi, wanatoka wakiwa bado vijana, na wanakabidhiwa watoto. Nawaheshimu walimu hao kuliko ninavyowaheshimu wakubwa wengi wa nchi hii. Wameibeba shule ya Burundi mgongoni wakati wa vita na wakati wa amani. Lakini ukweli uko pale pale: tumewapa elimu ya kijana wa sekondari, tukawadai kazi ya mtaalamu.

Ekole Normale Superiere ilianzishwa Bujumbura mwaka 1965. Kwa hiyo tangu miaka hiyo ya mwanzo ya uhuru serikali ilijua kwamba kufundisha ni taaluma inayosomewa chuoni. Ilijua hivyo kwa faida ya kijana wa miaka 17 aliye lise, anayehitaji mtu wa kumwelewesha fizikia. Kwa mtoto wa miaka saba, ambaye bado hajui kushika kalamu, ilisema sekondari inatosha. Msingi wa uamuzi huo ni nini, kama si dharau kwa watoto wadogo na kwa wanaowafundisha? Ni imani ya kizamani kwamba anayejua kusoma anajua kufundisha kusoma, na anayejua kujumlisha anajua kufundisha kujumlisha. Imani hiyo ni ya uongo, nami nitaonyesha uongo wake kwa hesabu moja tu.

Mpe mtoto wa darasa la pili hesabu hii: 42 toa 17. Katika kila darasa utapata watoto wanaoandika 35. Mwalimu asiyeandaliwa ataweka alama ya kosa, atasema "rudia," na mtoto akirudia ataandika 35 tena. Hapo mwalimu ataamua kwamba mtoto huyu ni mzito, au mvivu, au haangalii ubao. Mwalimu aliyesomea kazi hii ataiangalia 35 na kuona akili inavyofanya kazi. Mtoto alipofika kwenye safu ya mamoja alikuta mbili juu na saba chini. Akakumbuka alichofundishwa mwaka uliopita, kwamba kikubwa hakitoki kwenye kidogo. Basi akageuza: saba toa mbili, tano. Nne toa moja, tatu. Thelathini na tano. Hakuna uvivu hapo. Kuna kanuni, na kanuni hiyo alipewa na shule yenyewe, na mwalimu aliyesema "haiwezekani" bila kujua kwamba neno hilo litamrudia mtoto baada ya mwaka mmoja.

Dawa yake inajulikana. Vijiti 42, vifungwe mafungu manne ya kumikumi, viwili vibaki nje. Mtoto atoe 17. Vijiti viwili havitoshi kutoa saba, basi afungue fungu moja kwa mikono yake, aone kumi zikimwagika na kuungana na zile mbili kuwa 12, atoe saba, zibaki tano. Atoe fungu moja kati ya matatu, yabaki mawili. Vijiti vinaokotwa kichakani Giteranyi, havina bei. Chenye bei ni maarifa ya mwalimu: kujua kosa gani linatoka wapi, vijiti viondolewe lini ili mtoto aanze kuchora, mchoro uondolewe lini abaki na tarakimu, na afanyeje na watoto 12 waliokwama wakati 70 wameshaelewa na wameanza kupiga kelele. Maarifa hayo yameandikwa, yamechunguzwa kwa miongo mingi, yanafundishika. Yanahitaji miaka ya kuyasoma na kuyajaribu mbele ya watoto, chini ya jicho la mtu anayeyajua. Hayapatikani kwa kuwa na moyo mzuri tu.

Kusoma ndiko kugumu zaidi. Kirundi chetu kinaandikwa bila alama za toni na bila kuonyesha urefu wa irabu, kwa hiyo mtoto hutamka maneno mengi kwa kuyajua kwanza. Amejifunza kwamba herufi c inasikika kama mwanzo wa neno chai. Darasa la tano linapofika, lugha ya kufundishia inakuwa Kifaransa, na ile c inageuka kuwa k katika neno moja na s katika neno jingine. Herufi u aliyoizoea tangu utotoni sasa inadai sauti ambayo haimo katika lugha yoyote aliyowahi kuisikia nyumbani wala sokoni, na sauti yake ya zamani imehamia kwenye herufi mbili, o na u. Kiingereza nacho kinasubiri mlangoni na vurugu zake. Nani amemfundisha mwalimu wa Giteranyi namna ya kumvusha mtoto kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine? Wengi wamepewa kitabu na mwongozo. Mtoto anasoma kwa sauti aya nzima ya Kifaransa asiyoielewa hata neno, inspekta anapita, anasikia sauti, anaandika kwamba wanasoma.

Na Kiswahili! Hapa damu yangu inachemka. Kiswahili na Kiingereza viliingizwa shule ya msingi tangu mwaka wa masomo 2006–2007, nchi ikijiandaa kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo iliipokea Burundi tarehe 1 Julai 2007. Uamuzi mzuri, niliushangilia na naushangilia mpaka leo. Lakini walimu walioagizwa kukifundisha hawakuwahi kukisoma. Walipewa kitabu cha mwanafunzi na wakaambiwa waendelee. Katika milima ya ndani ya nchi mwalimu alisoma somo usiku ili alifundishe asubuhi, akiwatangulia watoto kwa ukurasa mmoja. Kwetu Muyinga ilikuwa aibu ya namna nyingine: mtoto wa mfanyabiashara wa sokoni alikijua Kiswahili kuliko mwalimu wake, na mwalimu, kwa kuogopa kudharauliwa, akakifundisha kama maiti, ngeli na orodha, orodha na ngeli. Lugha iliyo hai nje ya dirisha ikafia ndani ya darasa. Mwalimu aliyesomea kufundisha lugha kwa watoto angemgeuza mtoto yule wa sokoni kuwa msaidizi wake.

Ndivyo tunavyofanya kila mara. Agosti 2005, Rais Pierre Nkurunziza alipoapishwa, alifuta minerivali, yaani ada, ya shule ya msingi, na Septemba watoto wakaja kama mafuriko. Haki yao, na heri waliofanya hivyo. Mwaka 2013 ikaja Ekofo, shule ya miaka tisa badala ya sita, mtaala mpya, vitabu vipya, masomo yaliyounganishwa. Katika kila hatua kulikuwa na amri, sherehe na hotuba, na mwalimu akawa wa mwisho kuambiwa na wa kwanza kulaumiwa. Mageuzi matatu makubwa katika miaka minane, na hakuna hata moja lililoanza kwa kumpeleka mwalimu wa darasa la kwanza chuoni.

Najua nitajibiwa nini. Nitatajiwa matokeo ya mtihani wa PASEC wa mwaka 2014. Nchi 10 zinazotumia Kifaransa zilipimwa, na watoto wa Burundi wa madarasa ya chini wakawa wa kwanza katika lugha, wakazipita Senegali, Kamerun na Kodivaa zenye pesa kuliko sisi. Walimu wao walikuwa na D6 na D7. Basi shahada ya nini?

Jibu langu ni kwamba matokeo yale ni ushahidi wangu. Watoto wa Burundi walishinda kwa sababu walipimwa katika Kirundi, lugha waliyofundishwa, lugha ya mama zao, wakati wenzao wengi walikuwa wakipambana na Kifaransa tangu siku ya kwanza. Walishinda pia kwa sababu walimu wetu wa zamani walipitia shule za walimu za kweli, zenye mazoezi ya kufundisha, wakati nchi nyingine ziliajiri watu wa kujitolea kutoka barabarani. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba maandalizi ya mwalimu na lugha ya mtoto vinaleta matokeo hata katika nchi iliyo miongoni mwa maskini kabisa duniani. Na pale maandalizi yanapokwisha, pale Kifaransa kinapoingia na mwalimu mwenyewe anajikongoja ndani yake, ushindi unapungua. Waliofika mbali hivyo kwa elimu ya sekondari wangefika wapi kwa elimu ya chuo?

Jibu la pili nitakalopewa ni kwamba walimu tayari wanasoma vyuo vikuu. Ndiyo, wanasoma. Ijumaa jioni utawaona kituo cha mabasi Muyinga, mwalimu na mfuko wake wa nailoni, anakwenda Ngozi, Gitega au Bujumbura kusoma wikiendi katika chuo cha kulipia. Anasoma nini? Sheria. Utawala. Usimamizi wa miradi. Masoko. Analipa ada kwa mshahara usiotosha maharage na mafuta ya kula, mshahara ambao thamani yake ilipigwa shoka Mei 2023 pale faranga iliposhushwa kwa kadiri ya asilimia 38 kwa mkupuo mmoja. Kutoka Giteranyi hadi Bujumbura ni zaidi ya kilomita 200, na kwa uhaba wa mafuta wa miaka hii nauli haina bei maalumu. Unalipa anachosema dereva au unalala kituoni. Mtu anayeweza kufanya hivyo miaka mitatu mfululizo ana nguvu ya ajabu. Nchi yenye akili ingeikamata nguvu hiyo na kuielekeza darasani. Sisi tunaiacha imwagikie kwenye vyeti vya masoko.

Hata palipo na shahada inayoitwa ya sayansi ya elimu, mara nyingi ni ya ukumbini: nadharia, historia ya fikra za malezi, majina ya wataalamu wa Ulaya, karatasi ya mwisho iliyonakiliwa. Mtu anaweza kuimaliza bila kumfundisha mtoto hata mmoja kusoma neno moja. Hiyo sihitaji. Mtu asije akachukua kilio changu akakifanya sababu ya kuchapisha vyeti zaidi.

Shahada ninayoidai iende hivi. Iwe ya miaka mitatu, ndani ya mfumo wa ngazi za shahada wa BMD ambao vyuo vyetu vinautumia tayari. Mwaka wa kwanza, mwanafunzi aingie darasani tangu mwezi wa kwanza, akae nyuma, aandike mtoto mmoja anavyofikiri. Asome hesabu za msingi kwa kina ambacho hakuna mtu aliwahi kumfikisha, kwa sababu kueleza kwa nini tunafungua fungu la kumi ni kugumu kuliko kutatua mlinganyo. Asome Kirundi kama lugha ya kufundishia kusoma: sauti, silabi, toni. Asome Kiswahili na Kifaransa kama mtu atakayevifundisha kwa watoto wa kwetu, si kama mtu atakayefanya mtihani wa sarufi. Asome namna ya kushughulikia darasa la watoto 90, maana vitabu vya ugenini vinazungumzia 25 na kumwacha mwalimu wetu na hatia isiyo yake. Asome kumtambua mtoto asiyesikia vizuri na asiyeona vizuri, ambaye leo tunamwita mjinga mpaka anaacha shule. Mwaka mzima wa mwisho aufanyie katika Ekofo za Giteranyi, Gasorwe, Butihinda na kwingineko, akiwa na mwalimu mlezi anayelipwa kwa kazi hiyo. Na anayemfundisha chuoni awe amewahi kufundisha darasa la kwanza. Kwa hilo sitaki mjadala. Daktari asiyewahi kugusa mgonjwa hafundishi upasuaji.

Chuo hicho kiwe Muyinga. Kikiwa Bujumbura, mwanamke mwalimu mwenye watoto wawili na shamba hatakwenda, na kijana atakayekwenda hatarudi. Kwa walimu walioko kazini, tunajua njia. Mpango wa IFADEM wa nchi za Kifaransa, ambao Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi zake za kwanza, uliwafundisha walimu wa msingi bila kuwatoa shuleni: vijitabu vya kujisomea, mikutano ya mara kwa mara karibu na wanakoishi, wakufunzi wanaowatembelea. Ulijikita katika kufundisha Kifaransa. Panueni wigo, ongezeni uzito, mwisho wake uwe shahada.

Kisha kuna mshahara, na hapa ndipo serikali zote zinapokwepa macho. Majirani zetu wametuonyesha yote, mazuri na ya kutisha. Uganda, kwa sera yake ya walimu ya mwaka 2019, ilisema kila mwalimu, hata wa chekechea, awe na shahada. Maneno matamu. Mwaka 2022 ikawapandishia mshahara walimu wa sayansi wa sekondari wenye shahada hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi, wa msingi wakaachwa palepale; Juni mwaka huo wakagoma, na hawakupata walichokigomea. Unamwambia mtu akasome kama daktari, kisha unamlipa kama kibarua? Kenya ilifuta cheti cha P1, mwaka 2021 ikaanza kupokea wanafunzi wa stashahada ya ualimu wa msingi. Hatua ya kweli. Lakini maelfu ya walimu wake wa msingi waliokuwa wamejilipia shahada kwa jasho lao waligundua, baada ya makubaliano ya 2017 na miongozo mipya ya vyeo, kwamba shahada peke yake haiwapandishi tena. Rwanda, Agosti 2022, iliongeza mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi kwa asilimia 88. Themanini na nane! Na Rwanda haina dhahabu wala mafuta ya kuishinda dunia. Iliamua tu.

Nitaambiwa Burundi si Rwanda. Nitaambiwa pia Burundi si Ufini, ambako tangu mwisho wa miaka ya 1970 mwalimu wa darasa la kwanza anatakiwa awe na shahada ya uzamili, na vijana wanagombania nafasi za kusomea ualimu wa msingi kama kwetu wanavyogombania udaktari. Sawa, sisi si Ufini. Lakini tuna nikeli chini ya ardhi ya Musongati na dhahabu ya Muyinga. Tunao uwezo wa kununua magari ya vioo vyeusi kwa kila mkurugenzi. Faranga zipo, zinakwenda kwa wengine.

Kuna deni jingine, zito kuliko pesa, na watu wa nchi hii hulizungumzia kwa sauti ya chini. Mwaka 1972 walimu wa Kihutu, pamoja na wanafunzi wa sekondari na wa vyuo, na kila aliyeonekana kuwa na elimu, waliuawa kwa maelfu. Milima mizima ilibaki bila mtu wa kufundisha. Waliookoka walivuka kwenda Tanzania, Ulyankulu, Katumba, Mishamo, na wapo waliofundisha watoto chini ya miti kabla ya shule kujengwa. Serikali ya wakati ule ilielewa thamani ya mwalimu kiasi cha kumwogopa na kumuua. Serikali ya leo, inayosema imekataa urithi ule, inapaswa kuonyesha inaielewa thamani hiyo kiasi cha kumsomesha na kumlipa.

Kwa hiyo nawataja kwa majina ya vyeo vyao. Waziri wa Elimu: toa agizo linalosema mwalimu wa msingi aliyepata shahada ya ualimu wa msingi anapandishwa daraja na mshahara akibaki shule ya msingi, na posho ya ziada akibaki darasa la kwanza au la pili katika tarafa za mpakani. Agizo hilo ni ukurasa mmoja. Wabunge wa Buhumuza: mmechaguliwa mwaka 2025 na wazazi wa watoto hawa, ulizeni bungeni ni lini Muyinga itapata chuo cha ualimu wa msingi, na msikubali kujibiwa "suala linashughulikiwa." Vyama vya walimu, STEB, SLEB na vingine: mnapodai malimbikizo, na mna haki ya kuyadai, wekeni shahada ya msingi kwenye meza hiyo hiyo, maana mwanachama wenu asiye na njia ya kupanda akiwa darasani atawakimbia nyinyi pamoja na watoto. Ekole Normale Superiere: mlango wenu umemfungukia mwalimu wa vijana, mfungulieni mwalimu wa watoto.

Na wazazi wa Giteranyi, mkutano wa shule ukiitishwa, msizungumzie bati na choo peke yake. Ulizeni darasa la kwanza linafundishwa na nani, amesoma nini, na kama hakusoma, nani anamzuia kusoma. Ulizeni mbele ya direkta, mbele ya mkuu wa tarafa, na majibu yao yaandikwe kwenye daftari la mkutano pamoja na tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai. Bajeti inaandikwa kabla ya hapo. Maswali yenu yawafikie wanaoiandika wakati kalamu bado iko mkononi.